Mgeni Aliyekataa Mkono wa Mama

Njia nzima kutoka Thika nilimfundisha Dalmas Opiyo mambo mawili tu: amshike mama yangu mkono, na ale chochote atakachoandaliwa. Mengine aniachie mimi. Hayakuwa mambo magumu, hata mtoto wa kuchunga mbuzi angeyaweza. Dalmas aliitikia, akayarudia kwa sauti kama mtu anayekariri aya ya Jumapili, kisha akanitupia lile jicho lake la pembeni, ambalo ndilo lililoniponza tangu mwanzo.

Mwanzo wenyewe ulikuwa Ruiru, kwenye kiwanda cha kahawa. Sisi wasichana tulikuwa tumekaa tukichambua buni, naye akaja kurekebisha mkanda wa mashine. Wenzangu walimcheka kwa urefu wa miguu yake, na mimi nikacheka nao. Jioni wenzangu walikuwa wamekwisha kumsahau, lakini mimi nilikuwa naye bado kichwani, na kicheko kimekwisha. Moyo hauna adabu, hauulizi mtu kwao ni wapi. Yeye alikuwa Mjaluo wa ziwani, mimi Kamene, Mkamba wa nyuma ya Kilimambogo, na kati yetu hatukuwa na lugha ila hiki Kiswahili chetu cha kazini.

Nilipopeleka habari nyumbani, baba yangu, mzee Muasya, alijibu kwamba yeye hana neno, mwenye neno ni mama. Na mama yangu Mwongeli alijibu kwa ufupi kwamba nimlete amwone. Akimpenda, baba atapokea mbuzi wa kwanza wa mahari. Asipompenda, sitarudi Ruiru tena, na jina la huyo mtu lisitajwe chini ya paa lake. Mama hakuwa mtu wa kusema leo na kubadilisha kesho. Kwa hiyo msidhani nilikuwa nikienda matembezi. Nilikuwa nimebeba maisha yangu yote ndani ya kikapu, pamoja na sukari na majani ya chai.

Ukiwa Thika, Kilimambogo ni kilima cha kutazama tu. Kiko pale kila asubuhi kama jirani usiyemsalimia. Lakini lori la mkonge lilipotushusha tukaanza kukizunguka kwa miguu, kilima kiligeuka mlima. Msitu wa juu ulikuwa mweusi na wingu limeukalia, na huku chini migunga ilitawanyika mbugani mpaka macho yakachoka. Ilikuwa Agosti, mwaka wa hamsini na saba, na nyasi zilikuwa zimekauka zikawa na rangi ya simba. Kisha tukausikia mto kabla ya kuuona. Athi pale hupita juu ya mawe mapana, ukajigawa vijito vingi, ukaanguka kwa kelele na kuungana tena chini ukiwa na povu. Ng'ambo kulikuwa na miti ya miatine yenye matunda marefu yanayoning'inia kama magongo, na katikati yake nyumba chache za nyasi na moshi mmoja. Hapo ndipo Miatineni, kwetu. Duka hakuna, barabara hakuna, na mgeni akikohoa ukingo huu, wa ng'ambo wanajua amekuja.

Dalmas alisimama akayatazama maji muda mrefu.

"Kumbe kwenu iko maji," alisema. "Watu waliniambia Ukambani ni vumbi tupu. Nilikuwa naogopa. Mtu ya ziwa hawezi oa mahali hakuna maji."

Alikuwa hajawahi kulitamka neno hilo la kuoa mbele yangu bila kulizunguka. Nikainama nikajifanya nafunga kikapu ambacho kilikuwa kimefungwa vizuri kabisa. Tulivuka kwa kukanyaga mawe, viatu vyake amevining'iniza shingoni, mkono wake umeushika wangu. Katika jiwe la katikati tulikaa zaidi ya ilivyohitajika. Maji yalikuwa yakipita pande zote, hakuna mtu wa kutuona isipokuwa ndege, na nilijisemea moyoni kwamba mtu huyu mama atampenda tu, kwa maana nani asingempenda.

Lazima niwaambie kuhusu mkono wa mama. Mama yangu alibatizwa katika mto huohuo wa Athi, na alipotoka majini aliacha mambo mengi ya kale: pombe, ugoro, na ile nthoni yetu, yaani haya ya wakwe, ambayo huwafanya watu wazima wajifiche vichakani wanapoonana njiani. Mkristo hamkimbii mtu, ndivyo alivyosema. Kuanzia siku hiyo alimpa kila mtu mkono. Aliwapa wenye upele, aliwapa wachawi wa kusemekana, na mkono wenyewe aliutikisa mpaka bega lako likajua umesalimiwa. Kukataa mkono wa Mwongeli ilikuwa ni kukataa dini yake na nyumba yake kwa pamoja.

Basi tulipofika uani, mama alitoka jikoni akijipangusa viganja kwenye gauni, kitambaa cheupe cha kanisani kichwani, uso umefunguka kuliko nilivyotarajia. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya Dalmas, akanyoosha mkono.

Dalmas aliutazama ule mkono. Akamtazama mama usoni, kwa dakika ndogo tu, kisha akarudi nyuma, akaficha mikono yake yote miwili mgongoni na kusema kwa sauti ya chini, "Habari yako, mama," akiiambia ardhi.

Mkono wa mama ulibaki hewani. Kuku walikuwa wakichakura, na mimi nilitamani mto uje unichukue. Baba alijipitisha katikati upesi, akamshika mgeni bega na kuanza kumuuliza habari za lori. Baba yangu ni mfuga nyuki, mtu wa maneno machache, mwenye kovu refu linaloligawa sikio lake la kushoto. Chui alimrarua walipogombania mzinga huko mlimani, ndivyo tulivyosimuliwa tangu utotoni, na sisi watoto tulilionea fahari kovu lile.

Sikujua kwamba mabaya yalikuwa bado yanakuja. Mama alikuwa amemchinja kuku wake mwekundu, yule anayetaga kila siku, na muthokoi, mahindi yale ya kutwangwa, umeiva kwa samli. Akaandaa mezani ndani ya nyumba, akaketi, akangoja mgeni aingie. Mgeni hakuingia. Dalmas alisema ameshiba. Ameshiba nini, na tangu alfajiri tulikuwa tumekula ndizi tu. Nikatoka nikamkonyeza, nikamkanyaga mguu, nikamsihi kwa macho. Akakaa juu ya gogo nje, mgongo ameupa mlango, akashikilia neno lake kwamba ameshiba. Baba alikula kwa aibu, ingawa aibu yenyewe haikumzuia kumaliza kidari.

Mama hakugusa chakula. Alivitoa vyombo taratibu, na nilipomfuata jikoni alizungumza bila kupandisha sauti, jambo ambalo kwa mama ni baya kuliko kelele.

"Mtu mwenye kukataa mkono yangu na kuku yangu, atatunza mtoto yangu namna gani?" alisema kwa Kiswahili, makusudi, ili aliye nje asikie. "Kesho asubuhi lori inapita. Mwonyeshe njia mpaka mtoni, halafu wewe urudi."

Nilimkuta Dalmas ameshuka mtoni peke yake, amekaa juu ya mwamba, miguu majini. Jua lilikuwa limeanza kuteremka nyuma ya mlima na kivuli cha Kilimambogo kilikuwa kinaulalia mto polepole. Mahali pazuri namna ile si pa kugombania, lakini niligomba. Nilimwambia yote. Kwamba nilimwomba mambo mawili tu. Kwamba amemfanya mama yangu asimame uani kwake kama ombaomba. Kwamba kama kwao ziwani wanawaona Wakamba ni watu wa kudharauliwa, angebaki kiwandani na mikanda yake asinipotezee miezi yangu. Nililia, na kulia kulinizidisha hasira.

Nilipoishiwa na maneno alisogea akanipa nafasi juu ya mwamba, lakini mimi sikukaa.

"Kamene, sikiza mimi," alisema. "Kwetu mama ya mwanamke unaoa anaitwa maro. Maro huwezi shika mkono. Huwezi kula ukimtazama, huwezi ingia kwa jikoni yake. Ukimwona njiani unatoka njiani. Nilifundishwa hii kitu kabla nijue kuvaa suruali. Niliona mjomba wangu mtu mzima analala kwa mvua kwa sababu nyumba ya karibu ilikuwa ya maro."

"Nilikwambia mama yangu ni mtu wa kanisa. Nilikwambia umshike."

"Uliniambia. Na mimi njia yote nilikuwa najiambia, Dalmas, shika tu, ni mkono. Lakini alitoka kwa mlango na macho yako." Akachezesha vidole majini. "Ni macho yako kabisa, Kamene. Sasa nikashikwa na aibu, na mkono ikakataa. Kama ningekuwa nakudanganya ningemshika, ningekula kuku yote, nirudi Ruiru nicheke. Mama ya msichana wa kucheza naye si maro. Mimi sikuja kucheza."

Niliketi. Hasira ilikuwa bado ipo lakini haikujua tena pa kukaa. Nilimtazama mtu yule mrefu, mwenye njaa, aliyeacha kuku wa kienyeji na muthokoi wa samli kwa ajili ya heshima ambayo hakuna aliyeiona, nikajua kwamba kama nikitenganishwa naye nitakuwa mtu wa kuishi nusu. Nikamweleza, kama hakusikia mwenyewe, kwamba mama anasema arudi na lori la kesho, na mimi nibaki. Hakujitetea. Aliuliza tu kama mama anachukia Wajaluo.

Nikamwambia ukweli, kwamba mama hachukii mtu. Anaogopa umbali. Dada yake aliolewa pwani, na habari za kifo chake zilifika kaburi limekwisha kuota nyasi.

Dalmas alitoa miguu majini. "Basi mwambie hivi," alisema. "Kila mwaka, mavuno ikiisha, nitakuleta. Mimi nitakaa hapa, ng'ambo ya mto, nivue samaki. Wewe utavuka, ukae na mama yako mpaka uchoke. Hata asinione. Ukimaliza nipigie mluzi."

Nilicheka na machozi yangu machoni. Akanipangusa kwa kidole gumba kilichobaki na weusi wa grisi ya Ruiru, maana grisi ile haitoki hata kwa sabuni ya kufulia, akaniambia niende kabla giza halijaingia.

Jikoni nilimkuta mama akitwanga, na bibi yangu Nduku, mama mzazi wa baba, ambaye sisi humwita Susu, ameketi karibu na moto akipukuchua mbaazi. Susu hakubatizwa mtoni wala penginepo, na Kiswahili hakukijua. Hakuwa ameelewa kilichopita mchana zaidi ya kuona mgeni amekaa juu ya gogo na njaa yake. Nikapiga magoti kando ya kinu nikaeleza yote kwa Kikamba, kuanzia maro mpaka macho. Nilipofika kwenye habari ya mjomba aliyelala kwenye mvua, Susu aliacha mbaazi.

"Kumbe nao wana nthoni," alisema, kama mtu aliyesikia kwamba ng'ambo ya dunia pia kuna mwezi. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, na mama akaacha kutwanga kumpigapiga mgongoni. Alipopata pumzi alimwambia mama kwamba siku zote amekuwa akilalamika vijana wa siku hizi hawana haya, na sasa Mungu wake amemletea mmoja mwenye haya mpaka ya ziada, naye anamfukuza.

Mama alijibu kwamba mambo hayo ameyaacha. Tena, hata wenye kuyashika, nthoni huja baada ya mbuzi, na huyu hajaleta hata mkia.

"Aliye na haya kabla ya mbuzi," Susu alisema, "baada ya mbuzi atakusumbua na nini? Mwongeli, umesahau sikio la mume wako?"

Wakati huohuo baba alikuwa anainamia mlango, amebeba bakuli la asali. Akasimama palepale.

"Sikio gani?" niliuliza. "La chui?"

Susu akaniangalia kwa huruma. Hakukuwa na chui. Muasya kijana, mbuzi wake wa kwanza akiwa hata hajafika, alikutana na mama mzazi wa Mwongeli kwenye njia nyembamba ya mtoni. Akakosa pa kujificha, akajirusha kwenye kichaka cha miiba kwa kichwa, na akatoka huko na sikio vipande viwili. Na ni kwa sikio lile, Susu alisema, mama wa Mwongeli alisema kijana huyu atafaa. Baba alilishika sikio lake, akaweka asali chini kwa uangalifu mkubwa, akatoka. Nilikuwa mtu mzima siku hiyo, lakini nawaambia iliniuma kidogo kumpoteza yule chui.

Mama hakucheka. Alichukua mchi akaendelea, lakini sasa alikuwa anatwanga polepole. Nikaona huo ndio mlango, nikamwambia neno la mwisho la Dalmas, la mtu atakayekaa ng'ambo ya mto akivua samaki kila mwaka mpaka apigiwe mluzi.

"Ziwa ni mbali, Kamene," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya mama tu, si ya mtu wa kanisa wala ya mwenye boma. "Nikiugua, nani atakuita? Utafika nimeshazikwa."

"Tutakaa Thika, mwaitu. Ukipanda juu ya mwamba ule mkubwa utauona moshi wetu."

Ulikuwa uongo, kutoka pale moshi wa Thika hauonekani kwa sababu ya mlima. Mama alijua hivyo kuliko mimi, lakini hakunisahihisha. Susu alikuwa tayari ameokota paja la kuku lililobaki, akalifunika kwa sahani na kunisukumia, akanyooshea kidole uani, kule kwenye moto wa wanaume. Mama aliiona sahani ikitoka jikoni kwake akageuza uso. Dalmas alilila lile paja gizani pamoja na mifupa, na baba alikaa naye bila kumtazama, akimwonyesha kwa fimbo upande ilipo mizinga yake.

Alfajiri mama hakuwepo. Debe la maji halikuwepo pia, na jibu lake halikuwepo. Nilimngoja mpaka jua likachomoza, Kilimambogo kikawa chekundu kuanzia kileleni, na baba akasema lori halingoji mtu. Nilibeba kikapu nikiwa sijui kama navuka mto au naishia ukingoni. Dalmas alitangulia, mimi nikamfuata, baba nyuma yangu.

Njia ya kushuka mtoni ni nyembamba. Upande mmoja ni ukuta wa udongo, upande wa pili kuna muatine mkubwa, na ukishaupita ni miiba mitupu. Tulikuwa karibu kuufikia mti ule mama alipotokea chini, akipanda, debe mgongoni na mkanda wa ngozi kwenye paji la uso, kichwa ameinamisha kwa uzito. Aliinua macho. Wakatazamana.

Nikaona mabega ya Dalmas yakikaza. Akatazama ukutani, akatazama kule mbele, na nikajua anachopima. Aliinua mguu kuelekea kwenye miiba. Nyuma yangu baba alivuta pumzi kwa nguvu.

Lakini mama alimtangulia. Alitua debe lake katikati ya njia, maji yakamwagika kidogo yakamlowesha miguu. Akatoka njiani, yeye Mwongeli aliyempa mkono kila mtu wa Athi kwa miaka yote ile, akaingia nyuma ya shina la muatine, akaitoa leso kiunoni na kujifunika kichwa na uso, mgongo ametugeuzia. Mtu asiyejua angedhani ni mwanamke amekimbia adui. Mimi nilishika mdomo wangu kwa mikono miwili.

Dalmas alipita, macho ardhini, akilizunguka debe kama mtu anayepita mbele ya madhabahu. Nilipofika usawa wa mti mama aliniita kwa sauti ya chini, bila kufunua uso, na kwa Kiswahili, ili aliye mbele asikie bila kuambiwa yeye.

"Kamene, uende naye. Na hiyo siku analeta mbuzi, mwambie apite njiani vizuri, mimi ndiye nitatoka. Asiingie kwa miiba. Sikio moja linatosha katika ukoo huu."